Picha za Kutisha za Mwaka 1931

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa ayasome kwanza peke yake, kisha ayasome pamoja na wanafunzi. Palipoandikwa neno la ubaoni, asimame kidogo ili watu waandike.)

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani Mlandege, mjini Iringa, pamoja na wenzenu wa Mbeya, Tukuyu, Njombe na Mufindi, na kila mahali ambapo redio imewekwa juu ya meza na watu wameizunguka. Natumaini daftari zi wazi na penseli zimekwisha chongwa.

Leo hatutasema habari za mbolea wala za hesabu. Darasa la Mlandege limeleta barua. Wameiandika wanafunzi wenyewe kwa mikono yao, mistari kumi na mmoja, na herufi zimekaa vizuri juu ya mstari. Wanasema kwamba watu hulipa fedha zao waingie katika vibanda vya video kutazama picha za mizimu, majini na wanyonya damu. Kisha wakirudi nyumbani huogopa hata kwenda uani usiku. Wanauliza maswali mawili. La kwanza, picha hizo hufanywaje? La pili, je, mna kweli yo yote ndani yake?

Ni maswali mazuri, na kila moja lina jibu lake. Ili tusitangetange, nitachukua mwaka mmoja tu, nao ni 1931. Nimeuchagua kwa sababu katika mwaka ule zilitoka picha nne au tano za kutisha ambazo wafanyaji wa sinema duniani wanaziiga hata leo. Mkiona katika kibanda cha video mtu mwenye joho jeusi na uso mweupe, au jitu lenye kichwa bapa likitembea kama mti, mjue ametoka mwaka ule.

Neno la kwanza la ubaoni: SINEMA.

Mwaka 1931 nchi yetu ilikuwa Tanganyika, chini ya Waingereza. Dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya fedha. Bei ya katani na kahawa ilikuwa imeanguka hapa kwetu, na huko Marekani watu kwa mamilioni hawakuwa na kazi. Sinema nayo ilikuwa imepata jambo jipya: picha zilikuwa zimeanza kusema. Kabla ya mwaka 1927 karibu picha zote zilikuwa bubu. Mtu alifungua kinywa na maneno yake yakaandikwa ili watazamaji wayasome. Asiyejua kusoma alimwuliza jirani yake. Basi sauti ilipoingia, watu wakasikia kwa mara ya kwanza mlango ukilia gizani, mbwa-mwitu akibweka mbali, hatua za miguu juu ya ngazi. Wenye sinema walitambua upesi kwamba sikio huogopa kabla ya jicho.

Picha ya kwanza ya mwaka ule ni Dracula. Ilionyeshwa New York mwezi wa Februari. Iliongozwa na Tod Browning, Mmarekani, nayo ilitokana na kitabu cha Bram Stoker, mtu wa Ireland, kilichotolewa mwaka 1897. Habari yake ni hii. Kuna bwana mkubwa katika milima ya Transylvania, naye amekufa zamani lakini hakufa sawasawa. Mchana hulala ndani ya jeneza. Usiku hutoka kunyonya damu ya watu. Anasafiri kwa meli mpaka Uingereza, anaingia katika nyumba za watu wenye adabu, na kwa kuwa amevaa vizuri na anasema kwa upole, wanamkaribisha.

Mwigizaji aliyekuwa Dracula aliitwa Bela Lugosi. Alizaliwa Hungaria mwaka 1882, na Kiingereza alikijua ukubwani. Alikitamka polepole, akivuta kila neno, na utamkaji ule ndio ulioogopesha watu kuliko jambo jingine. Sasa tazameni jambo hili. Katika picha nzima Lugosi haonyeshi meno marefu hata mara moja. Hatuoni damu ikimwagika shingoni mwa mtu. Wakati wa kuuma ukifika, joho linafunika, au kamera inageukia pengine. Hata macho yake yale ya kuchoma, yalifanywa kwa taa ndogo zilizoelekezwa machoni tu, uso mwingine ukiachwa gizani. Mtu aliyetoka pale akiapa kwamba ameona damu, damu ile aliiona kichwani mwake mwenyewe.

Nusu ya pili ya picha hiyo, kwa maoni yangu, inachosha. Watu wanasimama sebuleni wakizungumza. Tena mle ndani ya ngome ya kutisha wameweka wanyama fulani wa Marekani wanaofanana kidogo na kakakuona, wakitambaa sakafuni. Wanyama hao hawapatikani Transylvania hata kwa dawa. Lakini watazamaji wa mwaka 1931 walikuwa na hofu mno wasiweze kuuliza kakakuona ametoka wapi.

Kuna jambo jingine la kupendeza. Siku zile ufundi wa kutia maneno ya lugha nyingine juu ya picha ulikuwa bado mchanga. Basi kampuni ilifanya Dracula mara mbili. Mchana walicheza watu wa Kiingereza. Usiku, wale walipokwenda kulala, waliingia waigizaji wengine katika nyumba zile zile wakacheza habari ile ile kwa Kispania, kwa ajili ya Mexico na nchi nyingine za lugha hiyo. Mwongozaji wa usiku, George Melford, hakujua Kispania. Alifanya kazi kwa mkalimani. Na wajuzi wengi husema picha ya usiku ilipigwa vizuri zaidi kuliko ya mchana.

Neno la pili la ubaoni: MWIGIZAJI. Ni mtu anayejifanya mwingine kwa kazi yake.

Sasa nakuja kwenye picha ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule. Ilitoka mwezi wa Novemba, nayo ni Frankenstein. Kitabu chake kilitungwa na mwanamke kijana, Mary Shelley. Alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka kumi na minane. Mwaka wa nyuma yake mlima wa moto uitwao Tambora, huko Indonesia, ulikuwa umepasuka na majivu yake yakaziba jua katika sehemu nyingi za dunia. Ulaya ilipata baridi na mvua katika miezi ya joto. Watu walijifungia ndani, wakaota moto, wakasimuliana hadithi za kuogofya, kama inavyofanyika kwetu mwezi wa Juni baridi ya Iringa ikiuma. Hadithi ya binti yule ndiyo iliyodumu.

Inasema hivi. Msomi mmoja, jina lake Frankenstein, anakusanya viungo vya maiti, anaviunga pamoja, na kwa nguvu ya umeme anakifanya kiumbe kiinuke. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la lile jitu. Sivyo, ni jina la msomi. Jitu halikupewa jina. Mwanzoni mwa picha, penye orodha ya waigizaji, mahali pa jina la aliyelicheza iliwekwa alama ya kuuliza tu. Mwalimu, iandike alama hiyo ubaoni, maana mwezi uliopita tulijifunza matumizi yake.

Aliyejificha nyuma ya alama ile alikuwa Boris Karloff. Hilo nalo si jina la kuzaliwa. Alizaliwa London mwaka 1887 akiitwa William Henry Pratt. Miaka mingi alipata sehemu ndogo ndogo tu katika sinema, na njaa ilipomzidi aliendesha malori. Kila siku ya kazi aliketi mbele ya fundi aitwaye Jack Pierce kwa muda wa saa nne hivi. Fundi alimjengea kichwa kwa pamba na vitambaa na gundi, akakifanya bapa kwa juu. Alimpaka rangi ya kijivu yenye kijani, kwa kuwa katika picha za rangi nyeusi na nyeupe rangi hiyo huonekana kama uso wa maiti. Karloff mwenyewe alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Miguuni alivaa mabuti mazito, ndipo akawa anatembea vile. Jioni alifuta yote, akarudi kuwa Mwingereza mpole.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Ndani ya picha hiyo jitu linatoroka, linafika kando ya ziwa, linamkuta mtoto wa kike akicheza peke yake. Mtoto hamwogopi. Anampa maua, wanayatupa majini pamoja, na maua yanaelea. Jitu linafurahi, ni mara ya kwanza tunaliona likitabasamu. Maua yanapokwisha, jitu linamwinua mtoto na kumtupa majini, likidhani naye ataelea kama ua. Mtoto anazama. Jitu linashtuka, linatazama mikono yake, linakimbia.

Wakaguzi wa sinema katika sehemu nyingi waliona sehemu hiyo ni mbaya mno, wakaikata. Kwa muda wa miaka mingi, mpaka ilipokuja kurudishwa katika miaka ya 1980, watu waliona hivi tu: jitu linanyosha mikono kumwelekea mtoto, kisha, ghafula, baba anapita mjini amebeba maiti ya binti yake. Katikati hapana kitu. Je, mtazamaji alidhani nini? Alidhani maovu makubwa kuliko yale yaliyokatwa. Wakaguzi walitaka kupunguza ubaya, kumbe waliuongeza. Kile kipande kidogo cha picha ndicho kilichoonyesha kwamba halikuwa kusudi lake kuua.

Na nini kilifuata? Umati wa watu wenye mienge na mbwa unatoka usiku kulisaka jitu. Wanalifukuzia ndani ya kinu cha upepo, wanatia moto. Sisi tuliokwisha kuona maua tunatazama kinu kikiungua, tunasikia kilio cha ndani, na hatujui tena tumwogope nani: yule aliye ndani au wale walio nje.

Neno la tatu la ubaoni: UMATI. Ni watu wengi waliokusanyika pamoja.

Mwaka ule ule, huko Ujerumani, mwongozaji aitwaye Fritz Lang alitoa picha ambayo jina lake ni herufi moja. Mwalimu, iandike kubwa: M. Katika Kijerumani ni herufi ya kwanza ya neno la kusema muuaji. Na kwetu pia neno muuaji laanza na herufi hiyo hiyo. Picha hii haina mzimu wala mnyonya damu. Ina mtu wa kawaida, mfupi, mwenye koti na kofia, anayewaua watoto mjini. Aliyemwigiza ni Peter Lorre. Jinsi ya kumtambulisha ilikuwa ya ajabu: hupiga mluzi wa wimbo mmoja, na kipofu auzaye maputo barabarani ndiye anayeutambua. Kisha kijana mmoja anaandika M kwa chaki katika kiganja chake, anajifanya kujikwaa, anampiga muuaji begani, na herufi inabaki juu ya koti. Mtu yule anatembea mjini na herufi mgongoni asijue. Waza, ninyi mliojifunza herufi hiyo wiki ya nne: herufi moja yamkamata mtu mzima.

Lakini kabla ya hapo mna kipande kifupi, wengi hukisahau. Mji umejaa hofu. Mzee mmoja, miwani usoni, yuko barabarani. Mtoto wa kike anamwuliza saa ngapi; mzee anamjibu, anamwambia aende nyumbani. Mtu mwingine anaona. Anamwuliza mzee, una nini na mtoto huyu? Mara wapo watu watano, mara ishirini, na mzee amezungukwa. Kosa lake ni kujibu saa ngapi.

Ya nne ni Dr. Jekyll and Mr. Hyde, iliyotoka mwisho kabisa wa mwaka. Daktari mwema anakunywa dawa aliyoichanganya mwenyewe na kugeuka mtu mwovu mwenye uso kama nyani. Sitakaa sana kwenye hadithi. Nataka tuione hila yake, kwa kuwa mnaweza kuifanya hapo darasani. Mwongozaji, Rouben Mamoulian, alimgeuza mtu mbele ya macho yetu bila kuzima kamera. Watu walikaa miaka mingi wakijiuliza.

Chukueni karatasi nyeupe. Andikeni neno kwa penseli nyekundu, bila kukandamiza sana. Sasa tafuteni karatasi nyekundu ya pipi, ile nyembamba ipitishayo nuru, mtazame kwa kupitia ndani yake. Neno linafifia, karibu halionekani. Mkipata ya kijani, tazameni tena: neno linatokea jeusi. Basi, mwigizaji Fredric March alipakwa rangi nyekundu usoni, mistari na makunyanzi. Mbele ya taa na kamera paliwekwa vioo vya rangi. Kwa kioo chekundu uso ulikuwa safi. Kioo kilipobadilishwa polepole, makunyanzi yakajitokeza kana kwamba yanaota. Na kwa kuwa picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, mtazamaji hakuona rangi yo yote ikibadilika. March alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, akishirikiana na mwigizaji mwingine.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza: pamba, gundi, taa ndogo, kioo chenye rangi, sauti ya mlango, na kipande kilichofichwa.

Swali la pili ni zito zaidi, nami nitalikaribia kwa kuanzia nyumbani.

Sisi nasi tumefanya picha zetu za kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, picha za Nijeria zilipokuwa zimejaa katika vibanda, Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza Nsyuka, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, habari ya jini wa kike aliyempenda binadamu. Watu wa Rungwe na Kyela mliopo, nadhani mmetabasamu kusikia jina Nsyuka, maana ni la kwenu. Wazee wa Kinyakyusa walipotaja abasyuka walikusudia wale waliotangulia kufa, ambao hupewa heshima yao katika ukoo. Sinema ililichukua neno hilo ikalifanya jina la kitisho. Siilaumu sana, sinema huokota po pote. Ila mtoto wa mjini aliyelijua neno kwa njia ya kanda tu amepata nusu ya maana, ile nusu ya usiku.

Na mnyonya damu wetu ni nani? Wote mmekwisha kulitaja jina lake kimoyomoyo. MUMIANI. Liandikeni. Asili ya neno ni Uajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara. Watu wakaanza kusema kwamba dawa ile ni damu ya binadamu, kisha wakasema wapo watu wanaoitafuta damu hiyo usiku. Wakati wa Wakoloni uvumi huo ulienea Afrika ya Mashariki nzima. Kenya na Uganda waliwaita wazimamoto, kwa kuwa watu waliwashuku wenye magari mekundu ya kuzima moto. Mwaka 1931, Lugosi alipokuwa akifunika uso kwa joho lake huko Marekani, bibi zetu walikuwa wakiambiana wasipite njia fulani baada ya magharibi. Hawakuhitaji kulipa kiingilio.

Sasa hapa hofu mbili zinaachana. Hofu ya sinema ina mlango. Taa zikiwaka unatoka, na Karloff anafuta rangi. Hofu ya uvumi haina mlango. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulileta ghasia, na askari wa polisi akauawa. Mwaka 2017 jirani zetu wa Malawi, upande wa Mulanje na Phalombe, walipatwa na uvumi wa wanyonya damu. Watu kadhaa waliuawa na makundi, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo kwa muda.

Na katikati ya miaka hiyo kuna habari ya nchini kwetu, ambayo siwezi kuisema kwa sauti ile ile niliyosemea kakakuona. Tarehe 1 Oktoba, 2016, gari liliingia katika kijiji kiitwacho Iringa Mvumi. Si Iringa yetu. Ni kijiji cha wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Ndani ya gari walikuwamo watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha. Kazi yao ilikuwa kuchukua udongo kidogo wakaupime, ili mkulima ajue shamba lake lina nini na limepungukiwa nini. Watu walipowaona wageni wakichimba, likapigwa yowe kwamba ni wanyonya damu. Umati ukakusanyika. Watu watatu waliuawa, watafiti wawili na dereva wao, na moto ukatiwa.

Nimefikiri sana juu ya siku ile, mimi ambaye kazi yangu ni elimu. Naamini wengi waliokimbia kuelekea lile yowe hawakuwa watu wabaya. Walikuwa baba na mama waliosikia kwamba watoto wao wako hatarini. Waliona nusu ya picha: wageni, gari, koleo, mfuko. Kipande cha katikati hawakukiona, nacho kilikuwa kipande rahisi sana, udongo wa shamba. Mahali pake pakajazwa na mumiani, ambaye kila mmoja alikuwa amekwisha kusimuliwa tangu utoto. Watazamaji wa Frankenstein walipokatiwa yale maua walifanya vivyo hivyo, lakini wao walikuwa wameketi katika viti, na yule waliyemhukumu alikuwa pamba na gundi.

Neno la mwisho la ubaoni: UVUMI. Ni habari ipitayo kwa watu wengi bila mwenyewe kujulikana.

Nasikia mtu huko Mlandege akiniuliza, Bwana Elimu, tuache basi kutazama picha hizo? Sisemi hivyo. Mtu mzima ana haki ya kulipa fedha yake akaogope kwa saa moja na nusu kisha akale ugali wake. Watoto wadogo wasipelekwe; hilo nalisema wazi, kwa kuwa mtoto hajui mlango wa kutokea uko wapi. Lakini mkubwa na aende, tena aende kwa jicho la fundi. Kamera imegeuka upande gani wakati wa kuuma? Sauti ile imetoka wapi? Wamenificha nini hapa?

Na jicho lile lile alichukue akienda sokoni Mlandege, au kilabuni penye ulanzi, mahali ambapo habari huingia asubuhi na mkia mmoja ikatoka jioni na mikia saba. Siku hizi zapita pia kwenye simu, na simu haichoki kusimulia. Mtu akisema, kuna gari limeonekana linachukua watoto, aulizwe kwa heshima: Ndugu, umeliona wewe? Kama hukuliona, aliyeliona ni nani, na anakaa wapi? Mkimfuata mtu wa kwanza, mara nyingi naye alisikia kwa mwingine. Mgeni akifika mtaani, aende kwa mwenyekiti au mtendaji, aonyeshe barua yake. Na hapo ndipo ninyi mnapohitajiwa. Barua ina tarehe, ina muhuri, ina jina la ofisi, ina kazi iliyomleta. Mwaka jana baadhi yenu mngeishika juu chini. Leo mnaweza kuisoma mbele ya watu kwa sauti, neno kwa neno, na kama kuna shaka mkaomba ofisi iliyoandikwa ipigiwe simu kabla ya mtu ye yote kuokota jiwe.

Kazi ya wiki hii si ndefu. Kila mwanafunzi aandike mistari mitano katika daftari. Mstari wa kwanza, habari moja ya kutisha aliyoisikia mtaani kwake, tangu zamani au juzi. Wa pili, aliisikia kwa nani. Wa tatu, mtu huyo aliona au naye alisikia. Wa nne, kipande gani cha habari hakijulikani. Wa tano, ni nani anayeweza kukijua, na tutamwuliza lini. Asitajwe mtu kwa jina baya, na asiandikwe jirani kuwa mchawi. Mwalimu atazame hilo sana. Wale ambao bado mnaandika polepole, andikeni mistari miwili, inatosha.

Darasa la Mlandege, asanteni kwa barua. Katika mstari wa saba mmeandika "damu" kwa herufi N mwanzoni. Isahihisheni, inaanza na D. Wiki ijayo, saa hii hii, tutaendelea na kuandika barua ya kuomba mbegu kwa ofisi ya kilimo. Kwaherini, na usiku mwema.